Kuchangisha mtaji mtandaoni: hesabu watu kabla ya kuhesabu fedha

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua mengi kuhusu uchangishaji wa mtandaoni kuliko anavyodhani. Kadi za mchango husambazwa miezi miwili au mitatu kabla ya siku yenyewe, kila mjumbe hukabidhiwa kadi za kuwapelekea ndugu na marafiki zake, na mweka hazina hufungua daftari lenye safu nne: jina, ahadi, alicholipa na kilichobaki. Nimeshika daftari la namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona jambo lilelile. Safu ya ahadi hujaa mapema, safu ya malipo hujivuta mpaka wiki ya mwisho, na ipo mistari ambayo hubaki na ahadi peke yake hata baada ya maharusi kurudi fungate.

Anayetafuta mtaji wa kuchapisha kitabu, kurekodi albamu, kutengeneza filamu fupi au kufungua karakana ya viatu vya ngozi anaweza kuutumia ujuzi huohuo, lakini kwanza atambue tofauti moja kubwa. Katika harusi tunachangiana kwa sababu leo ni kwako na kesho ni kwangu. Mchango ni sehemu ya deni la muda mrefu baina ya watu wanaojuana. Kwenye mradi wa biashara au wa sanaa deni hilo halipo, kwa hiyo mchangiaji anataka kujua atapata nini, atakipata lini, na kwa nini akuamini wewe. Ndiyo sababu nashauri maandalizi yote yaanze na swali la watu: ni wangapi wanaohitajika kulipa ili mradi usimame, na kati yao unawafahamu wangapi kwa majina?

Fedha ya namna gani

Njia zilizozoeleka ni nne. Ya kwanza ni mchango wa hiari, ambao mtoaji hatarajii kurudishiwa kitu. Huo unafaa kwa matibabu, misiba, ada na shughuli za jamii, na mwenye biashara akiutegemea watu watamchoka upesi. Ya pili ni mkopo unaotoka kwa watu wengi, kama unavyofanyika kupitia Kiva, shirika la San Francisco lililoanza mwaka 2005 kwa mikopo ya wafanyabiashara saba wa Tororo, Uganda, na ambalo kwa miaka mingi mtu aliweza kukopesha kupitia kwake kuanzia dola 25.

Ya tatu ni kuuza hisa, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu sana. Kenya ilitunga kanuni maalumu mwaka 2022, na jukwaa linalokusanya fedha kwa njia hii nchini humo linapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania uuzaji wa hisa kwa umma unasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tangazo la kuwaalika watu wanunue sehemu ya kampuni yako, likirushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, linaweza kukutia matatani hata kama nia yako ni safi, kwa hiyo usilirushe kabla ya kukaa na mwanasheria.

Njia ya nne ni ile ya zawadi, ambayo kwa kweli ni mauzo ya mapema: mtu analipa leo, nawe unampa kitabu, tiketi, jozi ya viatu au nakala ya albamu kitakapokuwa tayari. Hii ndiyo inayowafaa wengi wanaoanza, na yote yanayofuata yanaihusu hiyo. Kumbuka tu kwamba fedha iliyolipwa kwa ajili ya bidhaa ni mapato ya biashara, hata kama kila mtu anaiita mchango, kwa hiyo suala la kodi liulizwe mapema.

Hesabu ya mradi mmoja

Tuchukue kitabu cha hadithi za watoto chenye michoro ya rangi, nakala 500. Bei nitakazozitaja ni za mfano; za kwako zitoke kwenye profoma, yaani makadirio ya bei, za wachapaji wasiopungua watatu, kwa maandishi, zikitaja aina ya karatasi na muda wa kumaliza kazi. Tuseme uchapaji ni shilingi 6,000 kwa nakala, yaani 3,000,000 kwa zote. Mchoraji anadai 1,200,000 na mpangaji wa kurasa 400,000. Ukiishia hapo, kama wengi wanavyoishia, utaona unahitaji 4,600,000, na utakuwa umejitengenezea hasara.

Kitabu bado hakijamfikia mtu. Chukua kitabu kingine cha ukubwa huo, kitie ndani ya bahasha ngumu, kipime kwenye mzani wa dukani, kisha nenda posta na stendi ya mabasi ukaulize gharama ya kutuma kifurushi cha uzito huo Mbeya, Zanzibar na Nairobi. Safari hiyo ya asubuhi moja ina faida kuliko ushauri mwingi unaotolewa bure. Tuseme wastani ni shilingi 3,000 kwa kifurushi na bahasha ni 500, nawe unatarajia kutuma vifurushi 300: usafirishaji ni 900,000 na bahasha ni 150,000. Jumla sasa ni 5,650,000. Ongeza akiba ya asilimia 10 kwa ajili ya karatasi kupanda bei au vifurushi kupotea njiani, na jumla inafika 6,215,000.

Yanabaki makato. Watu wetu wana adabu nzuri ya kutuma fedha pamoja na ya kutolea, lakini usiijenge bajeti juu ya adabu ya watu. Ikiwa jukwaa na njia ya malipo kwa pamoja vinakata asilimia 5, asilimia hiyo inakatwa kwenye fedha yote iliyokusanywa, wala si kwenye fedha unayoihitaji. Ukijumlisha asilimia 5 ya 6,215,000 utapata lengo la 6,525,750, na baada ya makato utabaki na pungufu ya mahitaji yako. Hesabu sahihi ni kugawanya 6,215,000 kwa 0.95, na jibu, likisogezwa juu kidogo, ni 6,550,000. Hilo ndilo lengo lako.

Sasa ligeuze kuwa watu. Watu 260 wakilipia kitabu kimoja kwa shilingi 20,000 unapata 5,200,000. Watu 40 wakilipia nakala mbili zenye sahihi kwa shilingi 30,000 unapata 1,200,000. Wengine 15 wakitoa 10,000 ili majina yao yachapwe kwenye ukurasa wa shukrani unapata 150,000, na lengo linatimia. Vifurushi ni 300 kama ulivyopanga, nakala zilizotoka ni 340, na 160 zilizobaki ni zako za kuuza madukani na mashuleni. Unahitaji watu 315. Idadi hiyo iandike kwenye karatasi uibandike mahali utakapoiona kila siku, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha kama mradi una miguu.

Anayeona hesabu hizi ni za watu waoga na akumbuke Coolest Cooler, kasha la kubebea vinywaji vya baridi lenye mashine ya kusagia matunda na spika, ambalo mwaka 2014 lilikusanya zaidi ya dola milioni 13 kwenye Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangisha fedha mtandaoni, kutoka kwa watu zaidi ya 62,000. Gharama ya kulitengeneza ilizidi bei ambayo wachangiaji walikuwa wamekwisha kulipa, maelfu yao hawakulipata, na mwaka 2019 kampuni ilifunga shughuli zake. Fedha nyingi haikuwaokoa, kwa sababu kila kasha lililokuwa limelipiwa liliongeza hasara.

Watu wako wa kwanza

Andika majina. Anza na ndugu, marafiki na majirani. Kisha watu wanaokufahamu kwa kazi yako, wakiwemo wateja wa zamani, walimu, wanafunzi, waumini wenzako, mliosoma pamoja na mnaofanya fani moja. Mwisho, watu wasiokujua ila wanapenda jambo unalolifanya, kama vile wazazi wanaotafuta vitabu vya Kiswahili kwa watoto wanaokulia ughaibuni. Mbele ya kila jina weka namba ya simu na njia ya kumpata. Jina lisilo na namba halihesabiki.

Mradi ukifunguliwa huku safu ya walioahidi ikiwa tupu, mgeni akiuona ataondoka, kwa sababu hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuingia kwenye mgahawa usio na mtu. Takwimu za Kickstarter zenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba miradi mingi inayovuka asilimia 20 ya lengo hulifikia lengo lote. Mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2014 baada ya kuchambua miradi zaidi ya 48,000, alikuta kwamba miradi inayoshindwa hushindwa kwa tofauti kubwa, na inayofaulu mara nyingi hufaulu kwa tofauti ndogo. Kwa maneno mengine, mradi hausinzii hapo katikati: ama unapata watu wa kuusukuma tangu mwanzo, ama haupati kabisa. Kwa hiyo nashauri usifungue kampeni kabla ya kuzungumza, mmoja mmoja, na watu wa kutosha kulipa asilimia 30 ya lengo katika siku tatu za mwanzo. Kwa mfano wetu hao ni karibu watu 100. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa wote hauwezi kazi hiyo. Piga simu, na uliye karibu naye mtembelee.

Angalia jinsi BRCK ilivyopata nafasi yake. Mwaka 2013 kundi la Nairobi lililotoka Ushahidi, shirika la teknolojia la Kenya, liliweka Kickstarter mradi wa kifaa cha intaneti kinachoendelea kufanya kazi umeme unapokatika. Lengo lilikuwa dola 125,000, na zikapatikana zaidi ya dola 172,000 kutoka kwa watu zaidi ya 1,000. Lakini watu hao hawakuokotwa njiani. Ushahidi ilianza wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa mwishoni mwa mwaka 2007, ikajulikana duniani kwa ramani zake za matukio, na kwa miaka mitano ikajenga jina miongoni mwa watu wa teknolojia. Walipokuja kuomba fedha, walikuwa wanawaomba watu waliokwisha kuiona kazi yao.

Na idadi ya watu ina nguvu kuliko ukubwa wa mchango wa mmoja. Mwaka 1885, fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru mjini New York zilipopungua, Joseph Pulitzer aliwaomba wasomaji wa gazeti lake, The New York World, na akaahidi kuchapisha jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti. Zaidi ya dola 100,000 zilipatikana kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Zawadi yao ilikuwa jina gazetini, na iliwatosha.

Mahali pa kukusanyia

Majukwaa makubwa ya nje yana masharti ambayo wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, humtaka mwenye mradi awe na makazi, kitambulisho na akaunti ya benki katika mojawapo ya nchi zilizo kwenye orodha yake, na nchi zetu za Afrika Mashariki hazimo. Njia inayotumika ni kumshirikisha ndugu au mshirika anayeishi Uingereza, Marekani au Ujerumani, lakini machoni pa sheria huyo ndiye mwenye mradi: fedha zinaingia kwake, kodi inaulizwa kwake, na wachangiaji wakilalamika wanamlalamikia yeye. Andikianeni mkataba kabla ya kufungua, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja.

Jambo lingine la kuamua ni kanuni ya malipo. Kickstarter hufuata kanuni ya yote au hakuna, maana yake lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa fedha; majukwaa mengine, Indiegogo ikiwemo, yamekuwa yakimruhusu mwenye mradi kuchukua kilichopatikana hata kikiwa pungufu. Kwa kitabu cha mfano wetu ningechagua ya kwanza bila kusita, kwa sababu mwenye shilingi milioni mbili na ahadi za vitabu mia hawezi kumlipa mchapaji, na sasa ana wadai mia moja.

Kwa wachangiaji walio nyumbani, malipo kwa simu ndiyo njia yenyewe. Kenya ina M-Changa, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2012 kwa kufuata desturi ya harambee, linalopokea fedha kwa M-Pesa na pia kadi za benki kutoka nje. Mahali pasipo na jukwaa linalokufaa, unaweza kutumia ukurasa wa kawaida na Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Usitumie namba yako binafsi ambayo mkeo au mumeo anakutumia fedha ya sokoni. Miamala ikichanganyika hutaweza kumweleza mtu yeyote fedha ilikwenda wapi. Teua mweka hazina asiye wewe, mpe uwezo wa kuiona taarifa ya miamala, na jina lake liandikwe kwenye ukurasa. Kwenye kamati ya harusi mwenye harusi hashiki daftari, na sababu ya desturi hiyo ni nzuri hata hapa.

Maneno na picha

Eleza mradi katika sentensi mbili za mwanzo: unatengeneza nini, kwa ajili ya nani, na kitakuwa tayari lini. Kisha onyesha kazi. Kurasa nne za kitabu zilizokwisha kuchorwa zina ushawishi kuliko aya kumi za ndoto, na video ya dakika mbili iliyopigwa kwa simu karibu na dirisha lenye mwanga, sauti ikisikika vizuri, inatosha. Bajeti iweke hadharani kama tulivyoipanga hapo juu, pamoja na makato.

Utafiti wa Mollick uligusa pia jambo ambalo wahariri watalifurahia: miradi yenye makosa ya tahajia ilikuwa na nafasi ndogo ya kufaulu. Msomaji akikuta makosa matatu kwenye aya ya kwanza anajiuliza kitabu chenyewe kitakuwaje. Mpe mtu mwingine aupitie ukurasa kabla haujafunguliwa, na ukiwalenga watu wa lugha mbili, kila lugha iandikwe upya kwa wasomaji wake.

Siku thelathini

Siku 30 zinatosha. Kampeni ya miezi mitatu humpa kila mtu sababu ya kusubiri. Fungua baada ya mishahara kutoka, na usifungue Januari, wakati wazazi wanalipa ada. Tarajia siku za mwanzo na za mwisho kuwa na shughuli, na wiki mbili za katikati kuwa kimya. Kimya hicho kisikuvunje moyo. Kitumie kuwafuata walioahidi bila kulipa, kwa lugha ya upole na yenye tarehe: "Shikamoo mwalimu. Kitabu ulichoniahidi kukiunga mkono kimefika asilimia 55, na dirisha linafungwa tarehe 28. Naomba nikuwekee nakala yako?" Ujumbe huo umemtaja mtu, umetaja mahali mradi ulipofika, na umemwachia nafasi ya kukataa kwa heshima. Akinyamaza, mkumbushe mara moja zaidi, kisha mwache.

Baada ya fedha kuingia

Ahadi ni deni, na sasa mdaiwa ni wewe. Mollick alikuta zaidi ya asilimia 75 ya miradi iliyopata fedha ilichelewa kukabidhi bidhaa, kwa hiyo tarehe utakayoitangaza iwe ile unayoiamini ukiongeza miezi miwili. Ripoti nyingine ya mwaka 2015 kuhusu Kickstarter ilikadiria kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyofadhiliwa haikutoa zawadi ilizoahidi. Wachangiaji wengi huvumilia kuchelewa. Wanachoshindwa kuvumilia ni ukimya. Toa taarifa kila baada ya wiki mbili hata kama hakuna jipya kubwa, yenye picha ya hatua iliyofikiwa: michoro iliyokamilika, karatasi ya majaribio kutoka kwa mchapaji, maboksi yakishushwa kwenye gari. Kukitokea tatizo, liseme siku hiyohiyo pamoja na tarehe mpya, na anayetaka kurudishiwa fedha yake arudishiwe bila kuzungushwa. Sehemu ya ile akiba ya asilimia 10 ni kwa ajili hiyo.

Vitabu vikifika, rudi kwenye daftari. Safu ya nne, iliyokuwa ikionyesha kilichobaki kulipwa, sasa ibadilishwe ionyeshe nakala ambazo hazijamfikia mwenyewe, na kila kifurushi kinapotoka, namba ya risiti ya posta au ya basi iandikwe mbele ya jina. Tangaza hesabu ya mwisho kwa wachangiaji wote: kilichoingia, kilichotumika kwa kila kipengele, na kilichobaki. Watakuwepo wachache ambao simu zao hazipatikani na anwani zao zimebadilika. Vitabu vyao vitie kwenye bahasha, andika jina na tarehe juu yake, uvihifadhi mahali pakavu, na uwaulize jamaa zao kila unapopata nafasi.